Je, wajua kwa nini unapelekwa kaunta ilhali umekwisha kujisajili mtandaoni?

Msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda London kwa kuunganisha ndege Doha anaweza kukaa sebuleni kwake siku moja kabla ya safari, akafungua simu, akachagua kiti cha dirishani na kujaza namba ya pasipoti yake. Kisha, badala ya kupata pasi ya kupandia ndege, anakutana na ujumbe kwamba akaichukue kaunta uwanjani. Wengi hudhani mtandao umegoma. Sivyo: kiti ni chake na jina lake limo katika orodha ya abiria, ila kilichobaki ni mtu wa kuishika pasipoti yake mkononi na kuikagua.

Sababu ni kwamba shirika la ndege hubeba dhamana mbele ya nchi linakompeleka abiria. Akifika bila hati zinazotakiwa na kukataliwa kuingia, shirika lililomleta ndilo linalolazimika kumrudisha, na mara nyingi hulipa faini juu yake. Uingereza ilianza kutoza pauni 1,000 kwa kila abiria wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1987, na mwaka 1991 ikapandisha kiwango hicho hadi pauni 2,000. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2001, uliziachia nchi wanachama zichague, miongoni mwa njia nyingine: ama kima cha chini cha faini kisipungue yuro 3,000 kwa abiria mmoja, ama kima cha juu kisipungue yuro 5,000. Kwa hiyo mhudumu wa kaunta, ambaye si ofisa uhamiaji wala hana mamlaka ya kumpa mtu ruhusa ya kuingia nchi yoyote, hujikuta akifanya ukaguzi wa kwanza wa mpaka ulio maelfu ya kilomita kutoka pale alipo.

Hafanyi kazi hiyo kwa kubahatisha. Mashirika mengi hutumia Timatic, hazina ya kanuni za viza, pasipoti na afya za nchi mbalimbali, iliyoanzishwa mwaka 1963 na sasa inasimamiwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Humo mhudumu huona kama pasipoti inatakiwa iwe na miezi sita mbele kabla ya muda wake kuisha, kama inahitajika tiketi ya kurudi, au kama nchi husika inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Tazama sehemu ya chini ya ukurasa wenye picha katika pasipoti yako. Kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44 za herufi, tarakimu na alama ya <. Aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1985 ataona humo 850812, ikifuatiwa na tarakimu 2. Hiyo 2 ni ya uhakiki: zidisha kila tarakimu kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, jumlisha, utapata 132, ambayo tarakimu yake ya mwisho ni 2. Ikisomwa kimakosa kuwa 850821, jumla itakuwa 134, na mashine itakataa papo hapo. Lakini hesabu hiyo huthibitisha usomaji tu. Haiwezi kujua kama ukurasa umechanika, au kama uso ulio pichani ni wa mtu aliyesimama mbele ya kaunta.

Jina nalo huleta shida kubwa kwetu, na naona halizungumzwi vya kutosha. Wengi wetu tunatumia jina letu, la baba na la babu, ilhali katika mstari wa juu jina la ukoo ndilo hutangulia majina mengine, zikafuata alama mbili za <, ndipo yakaja majina mengine. Aliyekata tiketi kwa kuweka jina la baba mahali pa jina la ukoo huweza kuonekana kuwa mtu mwingine, na marekebisho hayo ni heri yafanywe na shirika au wakala siku kadhaa kabla ya safari.

Baadhi ya mashirika siku hizi huruhusu abiria kupiga picha pasipoti kwa simu, na hati zikikubaliwa hupewa pasi bila kupita kaunta. Zisipokubaliwa, hata asiye na begi la kupakia anapaswa kufika kaunta mapema, kwa sababu kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa takriban dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, ili hesabu ya uzito ikamilishwe na orodha ya abiria ifungwe. Aliyekwisha kupata pasi kabla hati zake hazijakaguliwa, akienda moja kwa moja langoni, huweza kuitwa jina kwa kipaza sauti na kukaguliwa palepale, wakati ambapo muda wa kuuliza uhamiaji wa huko aendako umekwisha kuwa mfupi mno.