Je, wajua kwa nini mtoto asiyeota meno huulizwa kama anatokwa jasho?

Lamu, wakati wa kaskazi, mtoto aliye bado kibogoyo akichemka mwili, jibu huwa tayari: "Ni meno hayo, yanakuja." Mama hutulia, na hapo ndipo penye hatari. Kuota meno hupandisha joto la mwili kidogo tu. Homa ya kupita nyuzi 38 ina chanzo kingine, na kwanza apimwe malaria na maambukizi mengine. Lakini wapo watoto wachache ambao kwao jibu hilo limegeuka kichwa chini: kinachowachemsha ndicho hichohicho kinachozuia meno yasije.

Hao wana displasia ya ektodemu, kasoro ya kuzaliwa nayo. Jino, unywele na tezi ya jasho vyote huanza tumboni mwa mama kama kivimbe cha tabaka la nje la mimba, kinachozama ndani kikipata ishara ya protini iitwayo EDA. Ni kama nyumba ambayo taa, feni na friji vimeungwa kwenye waya mmoja. Waya ukikatika, vyote huzima, na bila jasho mwili hukosa cha kuupoza. Ukichubuka tu, umeme huja kwa kusuasua: meno machache yenye ncha, nywele haba, jasho la kubahatisha. Jeni ya EDA, yaani maelekezo ya kuitengeneza, imo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi. Mvulana ana X moja, hana waya wa akiba. Mama yake anao, kwa hiyo huenda akakosa jino moja au mawili tu, na ngozi yake ikatoa jasho kwa mabaka.

Mwaka 1875 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alieleza ukoo mmoja wa Sindh (leo ni Pakistan), ng'ambo ya bahari yetu hii: wanaume 10 katika vizazi 4, meno machache, nywele chache, ngozi kavu iliyowatesa wakati wa joto. Binti hata mmoja hakupatwa. Kromosomu X ilikuwa bado haijajulikana!

Kuchelewa kwa jino peke yake si ugonjwa. Wengine hupata la kwanza baada ya kutimiza mwaka. Picha ya eksirei huonyesha kama mbegu za meno zimo ndani ya taya.

Kama hazimo, si lazima mtoto angoje ukubwani. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua huweza kuanza akiwa na miaka 3 hivi, yakitengenezwa upya kadiri taya linavyokua. Yanayongoja ni ya kupandikizwa mfupani, kwa kuwa hayasogei: taya hukua likayaacha nyuma. Sehemu ya mbele ya taya la chini wengine wamejaribu mapema, ila waliojaribiwa ni wachache.