Ugumu wa shokapu: kinachobadilika ukizungusha kirekebishi

"Fundi, gari limekuwa gumu, hebu nilegezee shokapu." Ombi hili halikosekani gereji, na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hakuna cha kulegeza. Shokapu zinazokuja na magari mengi tunayoendesha, IST, Vitz, Noah, Probox na ndugu zao, zimezibwa kiwandani na ugumu wake umeshaamuliwa humo ndani. Hazina skrubu wala kitufe. Ukizitaka laini zaidi au ngumu zaidi, unanunua nyingine. Zipo zinazorekebishika, na tutafika kwazo, lakini kabla hujashika spana ni vizuri kujua ugumu unaozungumziwa ni ugumu wa nini.

Shokapu, au shokomzoba, haibebi gari. Anayebeba ni springi. Tuseme umezing'oa shokapu zote nne, springi zikabaki mahali pake, na umelishusha gari kwenye magurudumu yake: litasimama karibu kimo kilekile. Tatizo litaanza ukiliendesha. Gurudumu likipanda tuta, springi inabonyea na kuweka nguvu ndani yake. Likishuka, springi inaachia nguvu ile yote na kulirusha bodi juu, bodi linaanguka, springi inabonyea tena, na mchezo unaendelea mpaka uchoke. Shokapu imewekwa pale kuila nguvu hiyo. Ndani yake mna silinda yenye mafuta na pistoni yenye vitundu vilivyofunikwa na visahani vyembamba vya chuma. Pistoni ikisogea, mafuta yanalazimika kupenya humo kwa shida, na ile shida ndiyo inayogeuza mdundo kuwa joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye kipande kirefu cha barabara mbovu na kusogeza kiganja karibu na shokapu, unasikia joto lake kabla hujaigusa.

Basi ugumu wa shokapu ni ukinzani huo wa mafuta, na ukinzani unategemea mwendo. Chukua shokapu iliyo nje ya gari, uisukume fimbo yake taratibu: inaingia bila ubishi. Isukume kwa ghafla: inakugomea. Springi inajali imebonyea kiasi gani. Shokapu inajali inabonyea upesi kiasi gani. Mwendo ninaousema ni wa fimbo, si wa gari. Unaweza kuwa unakwenda 100 kwa saa juu ya lami laini na fimbo ikawa haisogei hata kidogo, kisha ukaingia kwenye shimo kwa 30 na fimbo ikaruka zaidi ya mita moja kwa sekunde.

Wahandisi hupima ukinzani huu kwa kuulinganisha na springi iliyo pembeni yake. Kipimo cha 0 maana yake gari linadunda bila kukoma, na kipimo cha 1 maana yake bodi linarudi mahali pake bila kupitiliza hata mara moja. Mtu angedhani 1 ndiyo bora. Sivyo. Magari ya kawaida ya abiria huwa kati ya 0.2 na 0.4, yaani watengenezaji wanaliruhusu bodi lipitilize kidogo kwa makusudi, kwa sababu shokapu ngumu kiasi cha 1 ingepeleka kila kokoto moja kwa moja kwenye kiti. Magari ya mashindano ya lami ndiyo hupanda hadi 0.6 na kuendelea, na dereva wake hakulipwa ili alale.

Hapa mwili wa binadamu nao una neno lake. Bodi la gari dogo, likiachiwa juu ya springi zake, hupanda na kushuka mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Gurudumu lenyewe, likiwa chini ya bodi, hutetemeka kwa kasi kubwa zaidi, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Katikati ya hapo, kwenye mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ndipo mwili ulioketi unapoumia zaidi kwa mtikisiko wa juu na chini. Ukiikaza shokapu sana, unalituliza bodi lisielee, lakini unafungua njia ya mitikisiko ya kasi kumfikia abiria. Ukiilegeza sana, mitikisiko midogo inapungua, ila bodi linaanza kuelea, na mtoto aliyeketi nyuma ndiye atakayekuambia wa kwanza kwamba anataka kutapika.

Kwa hiyo anayetaka raha hatafuti ulaini wa mwisho. Anatafuta mahali ambapo gari linapita juu ya tuta, linashuka, linapanda kidogo, linatulia.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba shokapu moja ina ugumu wa aina mbili: ule wa kubonyea, gurudumu linapopanda, na ule wa kurudi, gurudumu linaposhuka. Haulingani. Kwa kawaida wa kurudi ni mkubwa zaidi, mara nyingi mara mbili au tatu, kwa sababu gurudumu likigonga kitu unataka lipande upesi bila kumsumbua mtu, lakini springi inapotaka kulipiza ndipo unapotaka kuishika.

Na ule ugumu wa kurudi ndio wenye mtego. Fikiria barabara ya vumbi iliyokaukiwa na kujikunja kama bati la migongo. Gurudumu linapanda mgongo wa kwanza, springi inabonyea, kisha linatakiwa kushuka kwenye bonde kabla mgongo wa pili haujafika. Shokapu ikiwa imekazwa mno upande wa kurudi, gurudumu linachelewa kushuka. Mgongo wa pili unalikuta bado liko juu, wa tatu juu zaidi, na baada ya sekunde chache springi imebanwa hadi karibu na mwisho wake. Dereva anasikia gari limekuwa gogo. Anasema springi zimekufa, au tairi ni mbovu, kumbe shokapu mpya aliyoisifia kwa ugumu wake ndiyo imelishusha gari chini likiwa mwendoni. Dawa yake ni kulegeza.

Kuna kinyume chake pia. Shokapu laini mno, gari limejaa watu, tuta linakuja: bodi linashuka hadi kile kimpira kilicho kwenye fimbo ya shokapu kinagongwa. Kimpira kile ni kizuizi cha mwisho, na kikigongwa unasikia "du!" chini ya kiti. Abiria atakuambia gari ni gumu. Ukimsikiliza na kuilegeza shokapu zaidi, kimpira kitagongwa mara nyingi zaidi na gari litazidi kuwa "gumu". Hapo ulitakiwa kukaza.

Ndiyo maana mimi simwamini mtu anayesema tu "gari gumu" bila kusema gumu wapi: kwenye vijiwe vidogo, kwenye matuta, au kwenye migongo ya barabara ya vumbi?

Sasa zile zinazorekebishika. Koni, kampuni ya Uholanzi, imekuwa ikiziuza kwa miongo mingi, na zile zake za kale zina utaratibu wa kuchosha: unaifungua shokapu kwenye gari, unaisukuma fimbo hadi mwisho, unaizungusha taratibu mpaka isikike imeshika kitu kule chini, ndipo unaikaza au kuilegeza. Inarekebishwa upande wa kurudi peke yake. Ukishaifunga garini na usipopenda, unaifungua tena yote. Tein ya Japani ina shokapu zenye umbo lilelile la kiwandani lakini zenye hatua 16 za ugumu, na kirekebishi kiko juu ya fimbo, kwa hiyo unafungua boneti, unazungusha kwa mkono, unasikia "tik, tik". Za nyuma mara nyingi utazikuta chini ya zulia la buti au nyuma ya plastiki ya ubavuni.

Halafu kuna za umeme. Toyota ilianza kuweka mfumo wake wa TEMS kwenye Soarer mwaka 1983, ambapo mota ndogo iliyo juu ya shokapu inazungusha kirekebishi kwa amri ya kompyuta. Huku kwetu wengi wameuonea kwenye Prado zilizotumika Japani: kuna kitufe cha kuzungusha karibu na gia, upande mmoja COMF, yaani laini, upande mwingine SPORT, yaani ngumu. Wengi wanakizungusha bila kuona tofauti, na mara nyingi sababu ni hii. Shokapu za asili zilikufa zamani, mwenye gari akaona bei ya za TEMS, akafunga za kawaida. Kitufe kimebaki, kazi haipo. Ukinunua Prado ya namna hiyo, inama uangalie kama kuna waya unaoingia juu ya shokapu kabla hujalipia mbwembwe za kitufe. Baadaye, mwaka 2002, Cadillac ilileta Seville yenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma, ambayo yanakuwa mazito papo hapo yakipitishiwa sumaku. Hiyo ni dunia nyingine na bei nyingine.

Tuseme unazo za hatua. Hesabu huanzia kwenye ngumu kabisa, kwa sababu pale ndipo sindano ya ndani, ile inayoziba njia ya mafuta, inapokuwa imekaa chini na una uhakika uko wapi. Zungusha hadi ikome kwa wepesi, usiilazimishe, sindano ile ni nyembamba. Kisha legeza ukihesabu. Kwa gari la familia anza karibu na upande laini, kisha kaza hatua mbili mbili. Kushoto na kulia kwa mhimili mmoja ziwe sawa daima. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana. Tumia kipande kilekile cha barabara, mwendo uleule, mzigo uleule. Ukibadilisha mbele na nyuma kwa mpigo mmoja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Sikiliza baada ya tuta. Pua ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mbele kunahitaji kukazwa. Mkia ukimrusha abiria wa nyuma kwa kishindo kimoja kikali, nyuma kumekazwa mno, au buti ni tupu na springi zake zilitengenezwa kwa mizigo, kama gari la kazi lilivyo. Kwenye kona na unapofunga breki, kirekebishi utakisikia vizuri, kwa sababu pale fimbo inasogea polepole. Kwenye shimo kali utasikia tofauti ndogo kuliko ulivyotarajia. Virekebishi vingi vya kitufe kimoja hufungua na kufunga kijitundu cha pembeni, na mafuta yanapokimbia kwa nguvu visahani vikubwa ndivyo vinavyoamua, kijitundu hakina sauti tena.

Na kabla ya yote hayo, pima upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva pana kibandiko kinachosema kiasi. Magari madogo mengi yako kwenye PSI 30 hadi 33, lakini tunajaziwa 40 "ili lisile mafuta" kisha tunalalamika shokapu. Tairi ndiyo springi ya kwanza inayokutana na jiwe, na shokapu haiwezi kurekebisha tairi iliyojazwa kama mpira wa kikapu. Rimu kubwa yenye tairi nyembamba nayo ina hesabu hiyohiyo.

Chunguza pia vitu ambavyo vimewekwa kuliinua gari. Ile mipira inayochomekwa katikati ya mizunguko ya springi inazuia mizunguko kadhaa isifanye kazi, kwa hiyo springi inakuwa ngumu. Shokapu iliyokuwa inatosha sasa imezidiwa, na gari linapata ubaya wa pande zote mbili: linagonga na kudunda. Bushi zilizokatika nazo hutoa mlio unaofanana sana na wa shokapu, na nimeona watu wakibadilisha shokapu nne kwa kosa la bushi moja ya elfu chache.

Kile kipimo cha kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu midundo kina faida yake, lakini usikipe heshima isiyo yake. Kinakamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu inapita mtihani huo vizuri, maana mkono wa mtu hauwezi kuisukuma fimbo kwa mwendo wa shimo. Macho husaidia zaidi: vumbi lililolowa kidogo juu ya silinda si ajabu, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini maana yake sili imeachia, na kirekebishi hakitakuokoa. Nyingine ni tairi yenye madoa ya kulika yaliyopishana pishana, dalili ya gurudumu linaloruka badala ya kubingirika.

Mipangilio si ya milele. Ukienda kijijini Desemba na watu watano, magunia na ndoo kwenye buti, kaza shokapu za nyuma hatua tatu au nne kabla ya kuondoka, na uongeze upepo wa nyuma kama kibandiko kinavyosema kwa gari lenye mzigo. Ukirudi ukiwa peke yako, legeza. Na kama umelazimika kuzifungua shokapu za mbele zenye springi juu yake, gari liende alaimenti kabla ya safari, kwa maana nati mbili zinazoishika shokapu upande wa chini ndizo pia zinazoamua mlalo wa gurudumu.