Mapatano ya Strasburg ya 1414 ni nini?

Ni mapatano ya kusitisha vita kwa miaka miwili, yaliyofikiwa Oktoba 1414 kati ya ufalme wa Poland na Shirika la Teutoni. Shirika hili lilikuwa la watawa wa Kikatoliki waliobeba silaha, wengi wao Wajerumani. Lilianzia Akka, mji wa pwani ya Palestina, wakati wa Vita vya Msalaba, baadaye likahamia Prussia, eneo la pwani ya Bahari ya Baltiki, na kuitawala kama dola. Strasburg inayotajwa hapa si ile ya Ufaransa. Ni mji ambao leo unaitwa Brodnica, nchini Poland.

Miaka minne nyuma, tarehe 15 Julai 1410, mfalme Władysław Jagiełło na binamu yake Vytautas wa Lithuania waliwashinda watawa hao vibaya sana huko Grunwald, na mkuu wao Ulrich von Jungingen akauawa. Mkataba wa amani wa 1411 uliacha ugomvi wa mipaka ya Samogitia, eneo la magharibi mwa Lithuania, ukifukuta.

Kiangazi cha 1414 Jagiełło akaivamia Prussia. Mkuu mpya wa shirika, Michael Küchmeister, hakuthubutu kukutana naye uwanjani. Aliwafungia askari wake ngomeni na kuamuru chakula kiharibiwe ili adui akose cha kula, huku wavamizi nao wakichoma vijiji. Aliyeumia ni mkulima: njaa ikaingia, maradhi yakafuata, na vita vyenyewe vikabaki na jina la Vita vya Njaa. Ngome ya Strasburg ilizingirwa lakini haikuanguka.

Hapo ndipo mjumbe wa Papa alipoingia kati. Mapatano hayakuamua ardhi ni ya nani. Shauri lilipelekwa kwenye Mtaguso wa Konstanz, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliofunguliwa Novemba mwaka huohuo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, maana panga ziliwapisha wanasheria. Paweł Włodkowic wa Chuo Kikuu cha Kraków, aliyeitetea Poland, alidai mbele ya maaskofu kwamba hata wapagani wana haki ya ardhi yao, na kwamba imani haiingizwi kwa upanga. Kwa shirika lililoishi kwa kupigana na wapagani, hoja hiyo ilikata mzizi.

Mtaguso haukutoa hukumu iliyomaliza ugomvi. Muda wa mapatano ukaongezwa mara kadhaa, hadi vita vikazuka tena 1422. Mkataba wa Melno, wa tarehe 27 Septemba mwaka huo, ndio uliolilazimisha shirika kuiachia Lithuania Samogitia moja kwa moja.