Kutua ni rahisi, kazi ni kuondoka: dhana potofu kuhusu kwenda kambini kwa ndege ndogo

Nikitaja safari hizi, watu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoona ni kutafuta kifo: ndege ya injini moja, kiwanja cha majani kati ya milima, hakuna mnara wa kuongozea ndege, hakuna zimamoto, halafu mtu analala kwenye hema chini ya bawa. Na wapo wanaoona ni sawasawa na kupakia gari Ijumaa jioni na kushika njia. Wa kwanza hawaendi, basi hawadhuriki. Wa pili ndio wanaonikosesha usingizi, maana leseni wanayo, hema wameshanunua, na vichwani wamebeba imani chache zinazoua.

"Nikiweza kutua, nimemaliza"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Ndege nyingi ndogo zinaweza kutua mahali ambapo haziwezi kupaa. Unapotua, karibu kila kitu kinakusaidia kusimama: breki, flapu (vile vibao vinavyoshuka nyuma ya bawa), majani yanayokamata matairi, na mara nyingi kiwanja chenyewe kinachopanda mlima mbele yako. Unapopaa, majani yale yale yanakushika, na hewa ndiyo inayoamua kama utaondoka.

Chukua Johnson Creek, jimbo la Idaho, Marekani, kiwanja cha majani kinachopendwa sana na marubani wapiga kambi. Kipo futi 4,933 juu ya usawa wa bahari, na urefu wake ni kama futi 3,400, yaani zaidi kidogo ya kilomita moja. Ukikitazama kwenye ramani utasema nafasi ni tele. Sasa piga hesabu ya joto. Vitabu vya ndege huanzia nyuzi 15 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, na joto hilo hupungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kwa hiyo kwenye futi 5,000 kitabu kinatarajia nyuzi 5. Mchana wa kiangazi kipimajoto kikisoma 30, umezidi kwa nyuzi 25, na kila nyuzi ya ziada ni kama kuongeza futi 120 za mwinuko. Zidisha: futi 3,000. Matairi yako yapo futi 5,000, lakini mabawa, propela na injini vinafanya kazi kana kwamba vipo futi 8,000. Injini isiyo na tabochaja, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hapo imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake. Tena wengi wetu tulifundishwa kwamba wakati wa kupaa kile kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta husukumwa mpaka mwisho, bila kuelezwa kwamba hiyo ni desturi ya viwanja vya chini. Juu huko, mafuta yakizidi hewa, injini inakosa hata zile nguvu chache zilizobaki.

Joto peke yake lingevumilika. Kinachowaponza watu ni jinsi mambo yanavyozidishana. Mwongozo wa usalama wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza unalionyesha hili vizuri: kwa majani makavu, zidisha umbali wa kupaa kwa 1.2; uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, tena 1.2, joto likipanda nyuzi 10, zidisha kwa 1.1, kiwanja kikipanda kwa asilimia 2 upande unaoelekea, 1.1 nyingine. Mtu akisikia hivyo hujumlisha kichwani na kupata asilimia 60. Ukizidisha inavyotakiwa, mita 300 za kitabuni zinakuwa kama 520. Hapo hujaongeza akiba ya usalama, ambayo mwongozo huo huo unataka iwe mara 1.33, na sasa unakaribia mita 700. Upepo wa nyuma bado hatujaugusa.

Kwa hiyo mimi nikishatua hukipima kiwanja kwa miguu kabla sijafungua begi, hata kama nimekitumia mara nyingi. Ndipo unapokuta shimo la mnyama lililofunikwa na majani, au kipande cha udongo kinachobonyea chini ya kisigino. Nikifika nusu ya njia naweka kitu cha rangi kali pembeni. Siku ya kuondoka, nikipita pale na mwendo haujafika asilimia 70 ya mwendo wa kuinukia, naondoa nguvu, nashika breki, narudi mwanzo. Kanuni hiyo ina msingi wa hesabu: mwendo hukua kwa kipeuo cha pili cha umbali, na kipeuo cha pili cha nusu ni kama 0.7. Ikiwa nusu ya kwanza haikukupa asilimia 70, nusu iliyobaki haitakupa asilimia 100.

"Viti ni vinne, basi twende wanne"

Viti vinne havina maana ya watu wanne, hema na matangi yaliyojaa. Kwenye Cessna 172, ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia, sehemu ya mizigo nyuma ina kikomo cha kilo 54 hata kama uzito wa jumla bado una nafasi. Lita 200 za petroli ya ndege ni kilo 144 kabla hajapanda mtu.

Mwenzangu mmoja alinijia na begi akisema, "Kaka, hili halifiki hata kilo kumi." Tukaliweka kwenye mizani, mshale ukasimama kwenye 17. Wala hakuwa anadanganya. Begi la kambi mtu hulibeba mgongoni, na mgongoni kilo 17 zilizofungwa vizuri huonekana chache. Tulilifungua pale pale kwenye nyasi, tukatoa kitu kimoja kimoja: shoka, kiti cha kukunja, sufuria ya pili. Tangu siku hiyo hakuna kinachoingia kwenye ndege yangu bila kupita mizanini, na abiria pia wanapima, na viatu vyao miguuni.

Kuna jambo la pili ambalo mizani haikuambii. Mizigo ikirundikwa nyuma, kitovu cha uzito kinarudi nyuma pamoja nayo. Pua inakuwa nyepesi, ndege haitulii, na bawa likipoteza nguvu ya kuinua, kuishusha pua ili uokoke kunakuwa kugumu. Unaweza kuwa ndani ya uzito halali na bado ndege haifai kuruka.

"Bila matairi makubwa usithubutu"

Picha za ndege zenye matairi kama maputo zimewakatisha tamaa watu wengi wazuri. Ukweli ni kwamba viwanja vingi vya kambi hupokea ndege za kawaida zenye gurudumu la mbele. Matairi makubwa husaidia kwenye mawe na mchanga laini, lakini hayaongezi nguvu ya injini wala hayapunguzi joto. Anayetaka kutumia fedha vizuri aanze na mwalimu anayeijua milima, amfundishe kuja kutua kwa mwendo uleule kila mara. Ukizidisha mwendo kwa asilimia 10, umbali wa kusimama unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Na usijaribu injini ukiwa umesimama juu ya changarawe, kwa sababu propela hufyonza mawe na kujitoboa yenyewe.

"Katikati ya bonde ndiko salama, likibana nitageuza"

Inaonekana ni akili ya kawaida kukaa mbali na kuta zote mbili. Ukiwa katikati, hata hivyo, una nusu tu ya upana wa bonde kugeuzia. Ukiruka karibu na ukuta mmoja, una upana karibu wote. Na upana huo unaliwa na mwendo: ndege iliyolala nyuzi 30 kwa kilomita 165 kwa saa inahitaji kama mita 740 ili igeuke na kurudi ilikotoka. Punguza hadi kilomita 110 kwa saa, ikiwa ndege yako inaruhusu kwa usalama, na mita 330 zinatosha. Mtu aliyeogopa hufanya kinyume: huongeza mwendo, kisha huulaza mgeuko kwa nguvu. Kwenye nyuzi 60, mwendo ambao bawa linaacha kubeba ndege hupanda kwa asilimia 41. Uamuzi wa kugeuka unatakiwa ufanyike bonde likiwa bado pana, wakati hakuna anayeona haja.

"Alfajiri hewa ni tulivu, tunaamka na kupaa"

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Asubuhi hewa ni ya baridi na nzito, upepo umelala. Kuanzia mchana jua huchemsha miteremko, upepo hupanda mabondeni na mawingu ya radi huanza kujengeka. Tatizo liko kwenye nusu ya pili.

Toka kwenye hema saa kumi na mbili asubuhi baada ya usiku wa anga wazi mlimani, pitisha kidole juu ya bawa. Unyevunyevu wa jioni umegeuka jalidi, weupe mwembamba unaokwaruza kama msasa. Macho yanasema si kitu. Lakini ukwaru wa kiasi hicho unaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Usiufute ukabaki mistari mistari ukadhani unatosha. Bawa lote liwe safi, na mkia pia. Geuza ndege ielekee jua, chemsha chai, subiri mpaka matone yaanze kudondoka ukingoni. Wakati unasubiri, chota mafuta kutoka chini ya kila tangi kwa kile kikombe cha kupimia na uyainue kwenye mwanga: maji yakiwepo utayaona yamekaa chini, yamejitenga na mafuta.

"Tukianguka, kifaa kitaita"

Kifaa cha ishara ya dharura ni kitu chema, lakini uliza ni cha masafa gani. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti za uokoaji hazisikilizi tena megahezi 121.5. Kifaa cha zamani kinachotumia masafa hayo peke yake kinategemea ndege inayopita karibu au kituo cha chini kikisikie. Cha kisasa hutumia megahezi 406, na usipokisajili, waokoaji watapata ishara bila kujua ni ya nani wala wampigie nani. Kuna na mpango wa safari, ile taarifa unayowaachia wahudumu wa usafiri wa anga kabla ya kuruka, kisha unaifunga kwa kuwaarifu kwamba umefika. Nchini Marekani, usipoufunga ndani ya nusu saa baada ya muda wa kufika, utafutaji unaanza. Na viwanja vya porini mara nyingi havina mtandao wa simu. Panga mapema utaufunga vipi, na mwachie mtu wa karibu karatasi yenye njia yako na siku ya kurudi.

Mengine ya kambini nayapita haraka. Kuegesha chini ya mti mkubwa "ili ndege ipate kivuli" ni kuikaribisha chini ya matawi yanayokatika. Ndege ifungwe kamba mabawa na mkia hata kama jioni hakuna upepo, kwa sababu upepo wa usiku haubishi hodi. Dawa ya pilipili ya kufukuzia wanyama isikae huru ndani ya chumba cha rubani: ikipasuka angani, hakuna pa kuegesha ili ufute macho.

"Jumapili lazima niwe nyumbani"

Hii haionekani kama dhana, inaonekana kama ratiba. Lakini neno hilo "lazima" ndilo linalomfanya rubani mwenye busara azisahau zile 70 kwa 100, aliache jalidi kwenye mkia, na ajaribu kupita chini ya wingu kwenye mlango wa bonde. Mimi hubeba chakula cha siku mbili za ziada, nacho kimepimwa pamoja na vingine, na kazini naaga mapema kwamba Jumatatu huenda nisionekane. Safari yetu ya mwisho wingu lilikaa mlangoni mwa bonde tangu asubuhi. Saa nane tuliacha kulitazama, tukakaza upya kamba za mabawa na kusimamisha hema tena. Jumatatu saa moja kulikuwa kweupe, nyuzi 6 kwenye kipimajoto, na tulipita alama yetu ya nusu njia magurudumu yakiwa yameshaacha majani.