Mahojiano ya kwanza ya utafiti: yanayosemwa chuoni na yanayokukuta kijijini

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya hutawanyika Mufindi, Njombe, Rungwe na Mbarali wakiwa na mwongozo wa maswali mkononi. Wengi wao hawajawahi kumhoji mtu. Wanachojua wameambiwa na waliowatangulia, na sehemu ya hayo inaharibu kazi kabla haijaanza.

"Nina barua, kwa hiyo nina ruhusa."

Barua ya chuo hufungua milango ya ofisi: katibu tawala, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi hata moja. Mgeni anayezunguka majumbani akiuliza maswali bila uongozi wa kitongoji kujua atatiliwa shaka, na wenyeji wana haki ya kumshuku. Lakini barua hiyo haimlazimishi mtu yeyote kukujibu. Mtendaji akimwambia mama, "Huyu ni mgeni wetu kutoka chuo, mjibu maswali yake," mama huyo hajaridhia, ametii tu. Mshukuru mtendaji, muombe kwa heshima akuache na mwenyeji wako, kisha uanze upya: wewe ni nani, unatafiti nini, mazungumzo yatachukua muda gani, na kwamba anaweza kukataa swali lolote au kuacha katikati bila kudaiwa sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazigusa pia taarifa zinazomtambulisha mtu kwenye daftari na simu yako. Fomu iliyosainiwa haraka haraka mlangoni haitoshi kama mtu hakuelewa anachokisaini.

"Mahojiano mazuri ni yale yaliyomaliza maswali yote."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni wanafunzi wenye bidii.

Tuseme unatafiti biashara ya viazi mviringo Njombe. Unamuuliza mkulima, "Je, lumbesa inawaumiza wakulima?" Anakujibu, "Ndiyo, inatuumiza sana." Unaandika, unaenda swali la nane. Umepata nini? Kila mtu huko anajua kwamba lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba na kupita kilo 100, linavunja sheria ya vipimo, na kwamba bado linapakiwa kwenye malori. Swali lako lilikuja na jibu lake mfukoni. Tena mkulima mwenye adabu hambishii mgeni aliyekuja kumtembelea, kwa hiyo atakubaliana na chochote ulichoelekea kukitaka.

Sasa muulize hivi: "Baba, naomba unisimulie mara ya mwisho ulipouza viazi, tangu kuchimba mpaka kushika hela." Halafu nyamaza. Huenda akakusimulia kwamba mnunuzi alikuja na magunia yake mwenyewe, kwamba dalali alishakubaliana bei kabla mkulima hajafika shambani, kwamba mbolea ilikopwa na mkopo ulikuwa umeiva. Hayo hayamo kwenye mwongozo wako, na ndiyo utafiti wenyewe. Swali linalofuata linatoka kwenye alichokisema: "Ulisema dalali alishakubaliana bei. Ilikuwaje?" Epuka kumpigia "kwa nini" mfululizo, maana mtu huona anashtakiwa na kuanza kujitetea. "Ilikuwaje mpaka ukakubali?" humpa nafasi ya kueleza. Ukirudi na maswali manne yaliyochimbwa hivyo, msimamizi wako atakuwa na cha kusoma kuliko ukimletea kumi na tano yaliyojibiwa kwa neno moja moja.

Na mzee akikaa kimya katikati ya jibu, usimwokoe kwa swali jingine. Anafikiri.

"Kiswahili kinatosha popote."

Kwa wengi kinatosha. Lakini bibi wa Makete au wa vijiji vya Rungwe anaweza kukujibu kwa Kiswahili kifupi kisha akamgeukia jirani na kumweleza jambo lote kwa Kikinga au Kinyakyusa. Godfrey na Monica Wilson, waliotafiti maisha ya Wanyakyusa miaka ya 1930, walijifunza lugha hiyo. Wewe una wiki chache, kwa hiyo tafuta mkalimani, ila asiwe mtoto wa kiongozi wala mtu anayemdai mhojiwa. Mwambie atafsiri kilichosemwa chote. Bibi akiongea dakika tatu na mkalimani akakuambia "anasema maisha magumu," rudi nyuma.

"Simu inarekodi, kuandika ni kazi bure."

Omba idhini kabla ya kubonyeza. Kisha andika hata hivyo. Mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati, hutasikia neno kwenye rekodi. Na simu haioni kwamba mama alishusha sauti shemeji yake alipoingia. Rekodi ya saa moja inaweza kukuchukua saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno, kwa hiyo anza jioni ile ile, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

"Nikihoji wengi zaidi, utafiti unakuwa bora zaidi."

Mwaka 2006 Greg Guest, Arwen Bunce na Laura Johnson walichapisha uchambuzi wa mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona mada nyingi zilishajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Usiichukue 12 kama namba ya kukariri. Wanawake wale walikuwa kundi lenye hali zinazofanana na waliulizwa maswali yanayofanana. Mkulima, dalali na dereva wa lori ni makundi matatu, na kila moja lina habari yake.

"Mahojiano yanaisha nikizima simu."

Mara nyingi jambo zito husemwa ukiwa umeshafunga daftari, mwenyeji wako akikusindikiza njiani. Ridhaa aliyokupa ilihusu yale mliyozungumza mkiwa mmeketi. Muulize pale pale, "Mama, hili nalo naweza kuliandika?" Akikataa, lisionekane kwenye sura ya nne ya ripoti yako, ile ya matokeo, hata kama ndilo ambalo lingeipamba kuliko yote.