Leo si "present" kwa sababu ni zawadi

Asubuhi hukosi kukuta kwenye status ya mtu: jana imepita, kesho ni fumbo, leo ni zawadi, ndiyo maana Waingereza wanaiita "present". Maneno matamu, ila neno halikuzaliwa hivyo. Kilatini kilikuwa na praesens, yaani aliyepo, aliye mbele yako. Mtoto anayeitika "present!" mwalimu akiita majina ndiye aliyelishika shinani. Wakati wa sasa ni huo uliopo. Maana ya zawadi ilipitia Kifaransa cha kale: kitu kilichowekwa mbele ya mtu ili akipokee. Kwa hiyo maana hizo mbili ni ndugu, na hakuna iliyomzaa mwenzake.

Kosa jingine ni kudhani kwamba herufi zikiwa zilezile, matamshi hayabadiliki. Zawadi hubeba mkazo mwanzoni, PRE-zent. Ukiwasilisha ripoti kazini, mkazo unahamia mwisho, pri-ZENT. Hili lisitushangaze sisi wenye barabára ya lami na kazi iliyofanywa barábara.

Mambo yananoga neno linapofika ukingoni mwa mstari likabidi likatwe. Watu huamini kila neno lina mkato wake mmoja. Kamusi za Marekani hukata zawadi pres-ent, lakini kitenzi pre-sent. Kompyuta isiyojua maana itakata wapi? Kanuni za kukata maneno za TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, zilibuniwa na Frank Liang, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1983 ilihusu jambo hilohilo. Pembeni ya kanuni hizo kuna orodha fupi ya maneno 14 yaliyoshindikana. "Present" limo, tena bila kistari hata kimoja: lisikatwe popote. "Project" nalo vivyo hivyo. Mimi nimeipenda sana busara hiyo.

Hata wenye lugha hawakubaliani. Knowledge, kwa desturi ya Marekani inayofuata matamshi, ni knowl-edge. Desturi ya Uingereza inayotazama muundo wa neno hukata know-ledge.

Na usihesabu silabi za Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, ndiyo maana club, silabi moja, kwetu ikawa ki-la-bu. Strengths ina herufi 9 na bado ni silabi moja! Kinyume chake pia huleta balaa. Niliwahi kusahau kubadilisha lugha kwenye waraka wa Kiswahili, kompyuta ikanikatia "nyum-ba" ukurasa hadi ukurasa, wakati silabi zake ni nyu-mba. Nilirudia kazi usiku kucha.

Kuna wanaosema kistari ni pambo tu, ukikiacha hakuna atakayeumia. Waulize wanaofuatilia usajili wa wachezaji. Kocha akiandikiwa "re-signs", amesaini upya, msimu ujao mnaye. Kistari kikidondoka ikabaki "resigns", amejiuzulu, na mashabiki wameshaanza kumtafuta mrithi.