Namba za funccount: zinavyosomwa na zinavyosema

Funccount ni zana ya Linux inayohesabu miito ya fanksheni za kerneli, yaani kiini cha mfumo. Andika `funccount 'vfs_*'` kwenye terminali ukiwa root, subiri kidogo, bonyeza Ctrl-C. Unaletewa safu mbili: jina la fanksheni ya kerneli, na mara ngapi imeitwa. Namba tupu kama hizo kila mtu huzisoma apendavyo, na wengi huzisoma vibaya.

Wapo wanaoamini kwamba ili kuzipata ni lazima ujenge kerneli upya, au angalau uwashe mashine upya. Hapana. Kprobes, yaani njia ya kutega vichunguzi kwenye fanksheni za kerneli, zimo ndani ya Linux tangu 2004. Funccount iliyomo kwenye BCC (mkusanyiko wa zana za uchunguzi) hupachika vihesabio vyake kwa BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) kerneli ikiwa kazini, kisha huvibandua ukishamaliza. Kwenye Debian na Ubuntu itafute kwa jina `funccount-bpfcc`.

"Itailemea seva kama strace." Woga huu una asili yake, kwa sababu strace, zana ya kufuatilia miito ya mfumo, huusimamisha mchakato unapoingia kwenye mwito wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli) na tena unapotoka. Funccount huhesabia palepale ndani ya kerneli na kukuletea jumla tu. Lakini si bure. Fanksheni inayoitwa mara mamilioni kwa sekunde italipia kila mwito, na wewe utauona mzigo huo. Ndiyo maana ukiipa nyota (`*`) peke yake, yaani fanksheni zote, inagoma: kikomo chake cha kawaida ni fanksheni 1,000. (Nyota iwekee alama za nukuu, la sivyo sheli inaweza kuigeuza kuwa majina ya mafaili ya folda uliyomo.)

Dhana inayopoteza watu muda mwingi zaidi ni hii: "Haikuhesabiwa, basi haikuitwa." Kompaila ina mambo yake. Fanksheni fupi huimeza ndani ya ile inayoiita, na jina lake halionekani tena kwenye `/proc/kallsyms`, orodha ya majina yaliyomo kwenye kerneli. Kazi inafanyika, ila hakuna mlango wa kusimama na kuhesabu wanaoingia. Afadhali hiyo, maana utaambiwa hakuna kilicholingana na jina ulilotoa. Balaa ni pale fanksheni inapomezwa sehemu fulani tu na kubaki na nakala yake kwingineko. Hapo unapata namba safi, isiyo na onyo lolote, na pungufu. Wakati mwingine jina huongezewa mkia, kama `.isra.0` au `.constprop.0`, nawe unalitafuta bila mkia. Weka nyota mwishoni. Ukikuta `.part.0`, jua kwamba kilichohesabiwa ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye fanksheni nzima. Mimi siku hizi sianzi kuhesabu kabla ya `grep` kwenye `/proc/kallsyms`. Ni sekunde mbili tu.

Halafu kuna wanaokimbilia namba kubwa kuliko zote na kutangaza kwamba mchawi amepatikana. Idadi si muda. Chukua fanksheni iliyoitwa mara 200,000, kila mwito mikrosekunde 1: jumla ni sekunde 0.2. Nyingine imeitwa mara 4, kila mara ikaisubiri diski nusu sekunde: hiyo ni sekunde 2, nayo iko mwanzoni mwa orodha, ambako namba ndogo hutangulia. Ukitaka muda tumia `funclatency`. Ukitaka kujua nani anaita, ipo `stackcount`.

Mwisho, hizo si namba za programu yako. Usipoweka `-p` na namba ya mchakato wako (PID), zinahesabiwa za mashine nzima. Na hata ukiiweka, kazi ambayo kerneli inaifanya kwa niaba yako kupitia nyuzi zake yenyewe haimo. Programu ikiandika faili kwa njia ya kawaida, mara nyingi kworker, mmoja wa nyuzi hizo, ndiye anayezifikisha data kwenye diski baadaye, na PID yake si yako.

Jaribu mwenyewe kupitia ssh, kwenye mashine isiyo na shughuli: `funccount -i 1 tcp_sendmsg`. Kila sekunde hesabu inatoka, na wala hakuna anayetuma kitu. Ile mistari unayoisoma ndiyo inayosafirishwa kwa TCP hadi kwako, kisha inahesabiwa.